Cheti cha dola 350 cha mwelimishaji wa kisukari: nilipe au nisilipe?

BARUA

Washauri, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya cheti, nimeajiriwa na wilaya katika kituo cha afya cha daraja la tatu, nje kidogo ya Koboko mjini, Uganda. Huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Tangu mwaka juzi inchaji, yaani mkuu wa kituo, amenikabidhi kliniki ya sukari na presha, kila Jumanne. Tunapokea wagonjwa kati ya 25 na 40, wengine wanavuka mpaka kutoka Congo, na tunaongea Kiswahili, Kikakwa au Kinubi kulingana na mtu alivyokuja. Kuhusu kumwelimisha mgonjwa wa kisukari, nilichowahi kupata ni semina ya siku tatu na karatasi ya kuhudhuria. Mengine nimeyaokota kazini.

Nataka niisomee kazi hii, niwe na cheti kinachotambulika. Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp limepita tangazo la kozi ya mtandaoni: wiki sita, dola 350, ukimaliza unaitwa "mwelimishaji wa kisukari aliyeidhinishwa kimataifa". Wanasema nafasi zinafungwa mwisho wa mwezi. Mwenzangu mmoja ananiambia huo ni upuuzi, bora nifanye mtihani wa Wamarekani wenyewe. Mwingine anasema niachane na yote nikasome diploma. Mtandao huku ni wa kubahatisha, umeme ni wa sola, na mshahara wetu mnaujua.

Halafu inchaji anataka niwafunze VHT wawili, wale wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, wanisaidie kliniki. Niwafundishe nini, na nini wasiguse?

Muuguzi, Koboko

JIBU

Dada muuguzi, dola 350 zikae kwanza mfukoni mwako. Hatusemi kozi hiyo ni ya matapeli. Tangazo peke yake halitoshi kumhukumu mtu. Ila neno "kimataifa" halina ofisi. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachoidhinisha waelimishaji wa kisukari halafu kila nchi ikaitikia. Kila nchi ina baraza lake, na kwako ni Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda.

Katika kazi hii kuna karatasi za aina tatu, na anayeuza ya kwanza hupenda ifanane na ya tatu. Ya kwanza ni ya kuhudhuria, kama ile ya semina yako: inathibitisha kwamba ulikuwepo, na inaweza kukupa pointi za mafunzo endelevu ikiwa baraza limeikubali shughuli yenyewe. Ya pili ni sifa ya kielimu, yaani cheti, diploma au shahada ya chuo chenye ithibati. Kwa vyuo vikuu unauliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo pia ndilo linalolinganisha shahada za nje na za hapa. Ya tatu ni leseni, na leseni uliyo nayo ni ya uuguzi. Muundo wa watumishi wa kituo cha daraja la tatu hauna kiti cha "mwelimishaji wa kisukari", kwa hiyo hata ukileta cheti kizuri namna gani, ngazi yako ya mshahara haisogei kwa sababu ya cheti hicho. Jambo hili halisemwi kwenye matangazo. Lijue kabla hujalipa, usije kulijulia mlangoni kwa afisa utumishi.

Waandikie wenye kozi barua pepe yenye maswali manne. Nani ameithibitisha kozi hii, na namba ya ithibati ni ipi? Je, Baraza la Wauguzi la Uganda linaihesabia pointi, na barua ya baraza iko wapi? Nani anasimamia saa za vitendo, na ni ngapi? Mtu akifeli, ada ya kurudia ni kiasi gani? Kisha uwaulize baraza wenyewe hayohayo. Kozi isiyo na hata saa moja ya vitendo na mgonjwa aliye hai haiwezi kukufanya mwelimishaji, hata ikiwa na muhuri wa dhahabu. Na wakikuharakisha kwa "nafasi zinaisha" badala ya kujibu, jibu umeshalipata.

Mtihani wa Marekani anaokutajia mwenzako upo kweli na unaheshimika. Unaendeshwa na bodi iitwayo CBDCE, na tangu 2020 cheti chake kinaitwa CDCES. Zamani kiliitwa CDE. Una maswali 200 kwa saa nne, na cheti kinadumu miaka mitano. Lakini masharti yake yanakufungia mlango: anayeomba lazima awe na leseni hai ya Marekani au maeneo yaliyo chini yake, awe amefanya kazi katika fani yake miaka miwili, awe na saa 1,000 za kuelimisha wagonjwa wa kisukari zilizofanyika hukohuko, na saa 15 za masomo endelevu. Wakanada nao wana mtihani wao, na wanataka uwe umesajiliwa kwao. Kwa hiyo wakala yeyote anayekuambia atakuandikishia mtihani wa Marekani ukiwa Koboko, mwache apite.

Hata hivyo, ile hesabu ya saa 1,000 tunaipenda, kwa sababu inaonyesha ugumu wa kijijini ulipo. Chukua kliniki yako. Inafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa saba. Ondoa kupima uzito, presha, kuandika rejista, kutafuta faili na kugawa dawa. Muda wa kufundisha hasa hauzidi saa tatu. Jumanne 48 kwa mwaka ni saa 144. Kufikisha 1,000 utahitaji karibu miaka saba. Muuguzi wa hospitali kubwa anayekaa kliniki hiyo siku tano kwa wiki anamaliza kazi hiyohiyo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hamkupishana bidii, mmepishana siku za kliniki. Ndiyo maana kila saa yako moja lazima iandikwe, maana hutapata nyingine ya kupoteza.

Nunua kaunta buku leo. Chora safu: tarehe, namba ya kliniki ya mgonjwa, siyo jina, mada, dakika, mgonjwa alionyesha nini kwa mikono yake, alikwama wapi, sahihi ya msimamizi. Msimamizi awe klinikoofisa wako, yaani tabibu wa kituo, au inchaji, na asaini kila wiki. Sahihi za miezi sita zilizowekwa siku moja kwa kalamu moja zinajulikana kwa kutazama tu. Somo la kundi la watu kumi kwa dakika 40 liandike dakika 40, siyo 400. Mwisho wa mwezi piga picha kurasa zote, uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Mvua na mchwa havina adabu kwa vitabu.

Safu ya mada isiwe "ushauri wa sukari". Waelimishaji wa Marekani wanaigawa kazi hii katika tabia saba, na mgawanyo huo unafaa hata huku: kula, kuushughulisha mwili, kutumia dawa, kujipima, kuzuia madhara, kutatua tatizo linapozuka, na kuubeba ugonjwa bila kuvunjika moyo. Baada ya miezi mitatu hesabu. Wengi hukuta kula kumejaa kurasa na kutatua tatizo hakuna hata mstari. Hapo umejua unachotakiwa kusoma, bila kulipa dola.

Sasa tusogee kwenye meza yako, kwa sababu mtahini wa kweli yuko pale. Chukua mabomba mawili ya insulini, yote yakiwa ya U-100, yaani ya insulini yenye uniti 100 kwa kila mililita. La mililita moja linabeba uniti 100, na kwa kawaida kila mstari mdogo ni uniti 2. La nusu mililita linabeba uniti 50, na kila mstari ni uniti 1. Mgonjwa amefundishwa "vuta mistari kumi na miwili", na kwa bomba dogo anapata uniti 12, sawasawa. Siku moja duka limeishiwa, anauziwa lile kubwa. Anahesabu mistari yake kumi na miwili, kama alivyoambiwa, na kujichoma uniti 24. Kabla ya saa sita mchana sukari imeshuka: anatetemeka, jasho linamtiririka, anaongea ovyo, na nyumbani wanatafuta dawa ya malaria. Mgonjwa hakukosea. Aliyekosea ni aliyemfundisha kuhesabu mistari badala ya kusoma namba. Likipita mkononi bomba la U-40, lililochorwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita, mambo ni mabaya zaidi: insulini ya U-100 ikivutwa mpaka alama ya 12, zinaingia uniti 30.

Kwa hiyo kila ziara mwambie aje na bomba lake mwenyewe. Usimuulize "umeelewa?", maana kwa heshima tu atasema ndiyo. Mpe chupa iliyokwisha uliyoijaza maji, mwambie: "Nionyeshe utakavyofanya kesho asubuhi." Kaa kimya, mikono mapajani. Kama insulini yake ni ile nyeupe kama maziwa, tazama kama anaizungusha polepole viganjani mpaka rangi iwe moja, au anaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Tazama kama anaingiza hewa kwenye chupa kabla ya kuvuta. Mguse tumboni pale anapochoma: ukikuta uvimbe laini usiouma, amekuwa akichoma palepale kwa kuwa hapaumi, na hapo insulini hainyonywi sawasawa. Muulize chupa ilifunguliwa lini. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Anayetumia uniti 20 kwa siku ataimaliza kwa siku 50, wakati kanuni ya kawaida ni kuitupa baada ya wiki nne tangu ifunguliwe. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8. Asiye na friji aweke ile anayoitumia ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye kingine, katikati mchanga mbichi, kivulini. Wala asiiegemeze kwenye barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Glukometa nazo zina mtego wa mpakani. Mashine moja inasoma 7.8, nyingine inasoma 140, na damu ni ileile; ya kwanza inatumia mmol/l, ya pili mg/dl, na unapata ya pili kwa kuzidisha ya kwanza mara 18. Anayerudi na mashine aliyonunua ng'ambo akiona 126 anaweza kudhani anakufa. Andika namba pamoja na mmol/l au mg/dl yake kila mara. Na kabla ya kumtoboa mtu, anawe kwa maji na akauke: kidole chenye utomvu wa embe kinatoa sukari ya embe.

Koboko na Yumbe zina Waislamu wengi, na hili kozi nyingi za wiki sita hazigusi. Anayetaka kufunga aje kliniki wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, ili dawa zipangwe upya na mwenye mamlaka ya kuzipanga. Akishuka chini ya 3.9 mmol/l, au akipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa jua kuzama. Kujipima kidole hakubatilishi saumu. Mwombe imamu wa mtaa aliseme hilo msikitini, maana kwake litasikika kuliko kwako.

Kwa masomo yenyewe, anza na yasiyo na ada. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lina shule ya mtandaoni yenye kozi fupi za bure kwa wahudumu wa afya. Karatasi yake si leseni, na hawadai kuwa ni leseni, lakini mafundisho ni ya kuaminika. Pakua maandishi usiku, bando likiwa nafuu na mtandao mwepesi, uyasome bila intaneti. Jaribio la mwisho usilifanyie kijijini: mtandao ukikatika katikati ya jaribio lenye saa, jaribio linaweza kuhesabiwa umelifanya na umefeli. Nenda Arua mjini, betri ikiwa imejaa, ufanye asubuhi. Na jina unalojiandikishia lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha taifa na la leseni. Cheti chenye jina la ubatizo tu, wakati leseni ina majina matatu, kitakupeleka kwa wakili kula kiapo.

Vitendo omba kwenye hospitali ya rufaa ya Arua: wiki mbili, kwa barua inayopitia kwa inchaji na Afisa Afya wa Wilaya. Usiandike "naomba kujifunza kisukari". Andika unachotaka kutoka nacho: siku za kukaa meza ya muuguzi anayefundisha wagonjwa, siku ya watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, siku ya wajawazito, na mazoezi ya kupima miguu kwa uzi wa gramu 10, ule unaobonyezwa mpaka ujipinde huku mgonjwa amefumba macho. Uliza kwanza kliniki ni siku gani, usije kulipia wiki mbili za chumba ukaiona kliniki mara mbili. Kaunta buku uende nayo.

Mwenzako wa diploma ndiye aliyekushauri vizuri kuliko wote, ingawa si kwa sababu ya kisukari. Diploma ya nyongeza kwa muuguzi wa cheti huchukua mwaka mmoja na nusu, inakupandisha ngazi ndani ya muundo uliopo, na bila hiyo mlango wa shahada ni mwembamba. Chuo Kikuu cha Muni kina shahada ya uuguzi palepale Arua. Tatizo ni ruhusa. Uwe umeshathibitishwa kazini, barua ipite kwa CAO, yaani mtendaji mkuu wa wilaya, na ruhusa ya masomo itolewe na Tume ya Utumishi ya Wilaya, kwa kawaida pamoja na mkataba wa kurudi kuitumikia wilaya. "Inchaji alikubali kwa mdomo" siyo ruhusa. Wanaoondoka kwa ruhusa ya mdomo huhesabiwa watoro, mshahara husimama, na kurudishwa kwenye orodha ya malipo huchukua muda kuliko kozi yenyewe. Omba chuo na omba ruhusa kwa wakati mmoja, kabla bajeti ya mafunzo ya mwaka unaofuata haijafungwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo Machi si mapema.

Ukitaka ushauri wetu kwa kifupi: mwaka huu kaunta buku, kozi za bure na wiki mbili za Arua; mwakani diploma. Zile dola weka akiba ya ada.

Kuhusu VHT, alasiri mbili zinatosha kuanza. Ya kwanza iwe ya hatari: kiu na mkojo kupita kiasi pamoja na kukonda, pumzi nzito yenye harufu ya matunda, kutapika kwa mtu anayechoma insulini, kidonda cha mguu kisichouma. Hao wote waletwe kituoni siku hiyohiyo. Ya pili iwe ya sukari kushuka. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300, subirini dakika 15, asipopata nafuu, rudieni, akipata nafuu, ale chakula. Akiwa hana fahamu, hakuna kinachopita mdomoni, na safari ya kituoni inaanza mara moja. Wafanyie mtihani kwa kuigiza, mmoja awe mgonjwa anayekataa na kutukana, kwa sababu sukari ikishuka watu hutukana.

Wasiguse dozi. Wewe mwenyewe usiiguse pia: kubadilisha uniti ni kazi ya klinikoofisa au daktari, na siku mgonjwa atakapozimia, kitakachosomwa ni mipaka ya leseni yako, siyo cheti cha mtandaoni. VHT wasitafsiri namba za glukometa, wasimwambie mtu aache vidonge kwa kuwa "sukari imekwisha", na wasitunze insulini ya mgonjwa nyumbani kwao, hata wakiwa na friji kijiji kizima kikiwa hakina. Friji hiyo ikizimwa wiki moja kwa kukosa sola, chupa tano zitaharibika kwa pamoja, na kwa kuzitazama hakuna atakayejua.